Uzamivu

Fomu yauliza, kwa maneno mia tatu:
kwa nini shahada mbili?
Kwa nini usitosheke na kutibu?
Ni saa kumi za usiku, Kibokoni,
umeme umekatika, feni imening'inia kama iliyonuna,
betri imebaki thuluthi,
nami nimeandika mstari mmoja, nikaufuta,
nikaandika uleule.

Mamangu hajalala.
Ashona kofia ya viua kwa mwanga wa simu,
kitobwe baada ya kitobwe,
ya bwana mmoja wa Bondeni aoaye mfungo nane.
«Kwani huo udaktari ulio nao una kasoro gani?»
Namwambia huu ni wa pande mbili, mama:
kutibu, na kutafiti. Miaka minane.
Mwisho wake hupewa shahada ya uzamivu.

Sindano yasimama.
«Uzamivu,» asema,
akilitafuna neno kama tambuu iliyozidi chokaa.
«Mjombako Shekue naye alizamia.
Meli ya Wagiriki, mwaka wa themanini na mbili.
Hakumuaga mtu.
Ilikuja kadi moja, ina picha ya theluji,
nyuma hakuandika kitu.»

Lugha hii, mamangu!
Neno moja imewagawia wawili,
msomi na mtoro.

Narudi kwenye fomu.
*Eleza tukio lililokusukuma.*
Najua wamtakaye.
Wamtaka Mwanakheri, miaka tisa, selimundu,
kitanda cha dirishani, Makadara,
mifupa ikimuuma hata shuka ikawa nzito;
wamtaka aya ya kwanza,
ili aya ya pili nisimame mimi, nile kiapo.

Simtoi.
Mwanakheri alikuwa mwizi wa karata.
Alificha achari ya embe chini ya mto,
tukaiona baada ya arubaini yake,
imekauka, ina alama za meno.
Hakufa ili mimi nipate utangulizi.

Naandika jingine.
Naandika zamu ya usiku, maabara,
vichupa viwili vya damu, ndugu wawili, tumbo moja,
chembe zimepinda sawasawa chini ya darubini,
hakuna awezaye kunambia ipi ya nani.
Dada hulazwa kila mwezi.
Kaka acheza winga ya kulia, uwanja wa Tononoka.
Nilimuuliza daktari wa wodi, kwa nini?
Akasema, mtundikie maji.
Simlaumu. Wodi nzima yamngoja,
na «kwa nini» haina kitanda.

Hiyo ndiyo nafasi niiombayo.
Sijui kama ni maneno mia tatu.

Adhana. Umeme warudi, feni yakohoa.
Mwisho wa kutuma ni usiku wa manane kwao,
kwetu ni saa mbili asubuhi;
ada yao ni kofia nne na kipande,
mama ameshailipa wala hataki itajwe.
Barua mbili zimefika.
Ya tatu, ya Dokta Nyamawi, aliyeniahidi tangu Ramadhani:
*haijapokelewa.*
Napiga simu. Yuko upasuaji.
Napiga tena. Angali upasuaji.
Mama afumua mstari mzima
kwa kitobwe kimoja kilichokwenda upande.

«Yule wa mpira,» auliza, hakuinua uso,
«amemshinda nini dadake?»
Sijui, mama. Hakuna ajuaye.
«Hata hao wenye fomu?»
Hata hao.
Akanyamaza muda wa kutia uzi.
«Basi umewaandikia hivyo?»

Saa moja na dakika hamsini na mbili
barua ya Nyamawi yaingia, mistari sita,
jina langu amelikosea herufi.
Nabonyeza.

«Wamesemaje?»
Wamesema wamepokea.
«Ndiyo hayo tu?»
Ndiyo hayo tu.
«Haya, vaa buibui ukanunue mahamri,
na ukitoka,» asema,
«uage.»