Tone Linalopanda

Mölndal, Januari. Saa moja asubuhi na bado giza.
Gunhild Axberg anavua glavu za sufu, anavaa za mpira,
anasugua kidole gumba cha kulia
kama mtu anayembembeleza mtoto wa jirani:
bila matumaini makubwa.

Miaka ishirini na sita kidole hicho kilibonyeza pipeti.
Bonyeza, vuta, peleka, achia.
Bonyeza.
Siku moja ya mvua alijaribu kupiga hesabu,
akafika milioni nne, akaiacha,
akaenda kununua dawa ya kuchua.

Sasa ipo mashine, pana kama kabati la vyombo.
Haina sindano. Haina ncha. Haigusi.
Chini ya sahani yenye vishimo elfu moja na mia tano na ushei
kimelala kipande cha kauri
kinachotoa sauti ambayo hata popo haisikii.

Kwanza sauti huuliza.
Hupanda ndani ya kimiminika, hugonga uso wake, hurudi,
na mwangwi hutaja kina.
Ndipo unapokuja mpigo mmoja, umebanwa ukawa ncha,
na uso unainuka: kichuguu, kisha shingo,
shingo inakatika,
tone linaruka juu.

Juu! Nililiona kwenye video ya polepole
nikacheka peke yangu chumbani.
Mvua iliyoghairi.
Linanasa kwenye sahani ya pili iliyolazwa kifudifudi,
linaning'inia pale, halidondoki,
dogo mno kuikumbuka ardhi.
Chozi moja la Gunhild, kama angekuwa mtu wa kulia,
lingetoa matone elfu mbili ya namna hii
na mengine yakabaki kwenye kope.

Chururu si ndo ndo ndo, walisema wahenga.
Hawakuiona hii: ndo kwa mamia katika sekunde moja
na masikio yetu hayaambulii hata moja.

Leo imekwama.
B saba, kosa. B nane, kosa. Safu nzima nyekundu.
Folke, fundi wa kwenye simu, anataka tuzime, tuwashe.
Tunazima. Tunawasha. Nyekundu.

Gunhild anainua sahani kwenye taa, anaiinamisha kidogo.
Kiyeyushi hiki, kinachopenya ngozi
na kukuachia ladha ya kitunguu saumu mdomoni,
huganda mapema, maji yakiwa bado maji,
kwa baridi ambayo sisi huku twaiita kiangazi.
Mtu aliiacha karibu na dirisha usiku kucha.
Sauti iliuliza kina,
barafu ikajibu lililo jibu lake.

Nilitaka kusema. Ulimi ulikuwa mzito.

Yeye ameshaketi, sahani imefunikwa,
ameikumbatia kwa viganja viwili kama kikombe cha kahawa,
ananisimulia jinsi baba yake
alivyokuwa akiyeyusha kufuli la baiskeli kwa pumzi,
midomo karibu na chuma, si karibu sana,
kwa sababu mara moja alisogea mno
akaenda kazini na baiskeli usoni.
Dakika kumi na moja. Nilizihesabu.

Kisha anairudisha ndani.
B saba, kijani. B nane.
Na mashine isiyogusa kitu inaanza tena
kurusha mvua yake kwenda juu, kimya,
huku yeye akisugua kidole gumba
na kuandika saa kwenye daftari.

"Dirisha," ananiambia,
bila kunitazama.