Kigingi

Kwa Kijerumani, asema Kreszenz, neno ni lile lile:
maji yakijisokota chini ya daraja la Isar,
Wirbel.
Kigingi cha fidla, cha mpingo, anachokichonga tangu asubuhi,
Wirbel.
Pingili ya mgongo iliyomlaza Januari nzima,
Wirbel tena, na daktari hakucheka.

Hata zile nywele za utosini mwa Xaver,
zilizogoma mbele ya kitana,
zikagomea na mate ya mama.

Sasa yuko Hamburg. Upara umeanza,
alisema juzi kwenye simu.

Kreszenz anakaza uzi. Kigingi kinateleza.
Anakipaka chaki, anakirudisha tunduni,
anakizungusha
polepole,
na kidole gumba
kinakumbuka utosi.