Giza la Mkono

Hapa Kemi mwezi wa Juni jua halilali.
Saa sita usiku jirani yangu Raili yuko nje,
anapalilia viazi, kofia kichwani.
Basi giza kwangu si kitu cha kungojea.
Nalitengeneza: blanketi la jeshi, misumari saba,
na zulia kuukuu nililolikunja chini ya mlango
pale mwanga unapopenda kupenya kama panya.

Chumba hiki kilikuwa sauna yetu.
Eino alipoondoka niliona haya
kuwasha jiko zima kwa mwili mmoja.
Nikaling'oa. Mawe yake sasa yamezunguka vitunguu.
Ngazi za mbao nilizikalia tulipokalia sote, nikaziacha:
ya juu imebeba mashine ya kukuzia picha,
ya chini mabeseni matatu,
na mbao zikipata joto la pumzi yangu
bado hunuka majani ya mbetula,
hata katikati ya harufu ya siki na dawa.

Mashine ni ya Kirusi, nzito
kama ng'ombe aliyekataa kusimama.
Nilipewa na daktari wa meno wa Tornio
kwa ndoo mbili za matunda ya kinamasi.
Shingo yake hulegea. Nimeikaza
kwa mpira wa tairi la baiskeli yangu ya posta.

Na mkoba wa posta, ngozi nyeusi, vifungo viwili,
ndimo zinamolala karatasi zisizotaka kuona mwanga.
Miaka thelathini na mmoja ulibeba habari za watu;
sasa unabeba weupe mtupu.

Kipimajoto ni kile cha kuogeshea mtoto,
samaki wa mbao aliyetafunwa mkia.
Nyuzi ishirini, si zaidi.
Kata ya shaba ya sauna huchota maji tu, dawa haigusi.
Kikombe cha kahawa hubaki nje ya mlango
tangu siku ile nilipokosea kikombe.
Sitaki kuieleza siku ile.

Kigoda kimevikwa ngozi ya paa wa theluji, imenyonyoka
sehemu mbili unazoweza kuzikisia.
Redio imevaa soksi nyekundu usoni.
Taulo liko kushoto, usawa wa nyonga,
mkono huliendea bila kuuliza njia.

Saa sina. Nilikuwa nayo, ikanipigia kelele, nikaigawa.
Nahesabu kwa nyumba za njia yangu ya zamani,
sekunde mbili kwa kila sanduku la barua:
Alatalo. Kurtti. Tiuraniemi.
Vuokila mwenye mbwa. Heikka. Pesonen.
Hizo ni kumi na mbili. Nazima taa.
Picha yenye theluji nyingi huhitaji
kwenda mpaka kanisani na kurudi.

Jana nilisafisha filamu ya Eino,
ilikuwa ndani ya koti lake la kuvulia, mfuko wa chambo.
Fremu thelathini na sita.
Ishirini na tatu ni samaki, samaki yule yule nadhani,
kila mara amenyanyuliwa juu kidogo zaidi.
Nane zimeungua.
Zilizobaki ni mtu kwa mgongo, juu ya baiskeli,
anaukata uwanja wetu kabla hakujapambazuka.

Niliweka moja chini ya lenzi.
Alatalo. Kurtti. Tiuraniemi.
Kwenye beseni la kwanza ulianza kutoka mkoba,
kisha gurudumu, kisha kisigino cha soksi,
na soksi ilikuwa na tundu.
Yeye dirishani, mimi sijageuka hata fremu moja.
Niliitikisa dawa taratibu, kona hii, kona ile,
kama mtu anayebembeleza kisichotaka kulala.

Raili akagonga. "Kerttu, umelala?"
Nikamwambia angoje, kuna giza humu.
Akacheka. "Bahati yako," akasema,
akaniwekea viazi mlangoni, karibu na kahawa,
bado vina udongo.