Joka la Keko Magurumbasi

Joka nililolipenda mimi lilikuwa na lafudhi ya Mtwara.
Liliteketeza ngome tatu, likameza farasi na mpanda farasi,
likapangusa kinywa, likasema:
"Hapa ningepata na chachandu, shida zote ningesahau."

Kiingilio shilingi mia. Benchi la ubao, misumari nje.
Sketi ya shule ilichanika mara mbili mahali pamoja;
mama alishona mara mbili bila kuuliza.
Mara ya tatu akauliza.

Banda lilikuwa nyuma ya mafundi vitanda.
Vumbi la mninga lilitua kwenye kioo cha runinga
hata theluji ya nchi zile kwetu ilikuwa nyekundu,
na juu ya kelele za randa, sauti ya Shebe Kipaza,
aliyekuwa akitutafsiria kwa Kiingereza cha kuokoteza.
Mchawi wa barafuni alimwita Babu Sharubu.
Jeshi la mifupa lilipofumuka makaburini
alitwambia: hao wastaafu, wanafuata mafao yao.
Watu wazima walicheka hadi machozi.
Mimi sikuelewa, mpaka baba alipostaafu.

Sasa nina miaka thelathini na saba,
mhasibu wa kampuni ya maturubai, Tabata,
na usiku, luku ikiruhusu, nacheza gemu.
Shujaa unajitengenezea mwenyewe:
masikio ya ncha yapo, ya mbwa yapo, mapembe aina kumi na moja,
twende kilioni haipo.
Nikamnyoa kipara, nikamwita Zamoyoni kama mimi,
nikampeleka vitani hivyo hivyo.
Dada yangu, anayekesha na tamthilia za Kituruki,
ananiuliza nitakua lini.

Mwaka jana niliipata filamu ile.
Safi, haina vumbi, maandishi yanapita chini.
Iliniramba bando la wiki nzima.
Nikalisubiri joka lifungue kinywa.
Likafungua.
Likatoa moto.
Likafunga.

Na malkia, pale mwanawe anapomwonea wivu,
hakusema, "Taji unaliona wewe, shingo inaniuma mimi."
Alisema, "Nenda."
Basi.
Nikarudisha nyuma. Nikarudisha tena. Nenda.

Sentensi ile nilitembea nayo miaka ishirini na kitu!
Niliisema kimoyomoyo nje ya chumba cha usaili,
niliisema kwa sauti mbele ya wakwe siku ya talaka,
shangazi wa mume akainama, akatazama mkeka.
Kumbe haikuwemo.
Nilijiona nimeibiwa, nikakosa wa kumshitaki.

Juzi, Mtaa wa Aggrey, natafuta chaja,
nasikia nyuma yangu: "Elfu tano, dada, hiki hata nyundo haikivunji."
Nywele zikanisimama.
Mwanamume mwembamba, kofia ya kufuma,
kimeza cha vioo vya kubandika kwenye simu.
Lakini lile lilikuwa joka.

Nikampa simu. Akaifuta kwa kitambaa,
akaanza kubandika, akisukuma mapovu kwa kadi ya kliniki.
Nikamuuliza: ile chachandu, uliitoa wapi?
Mkono ukasimama. Akacheka kwa pua.
"Wewe wa Keko," akasema. "Siku ile sikuwa nimekula."

Na malkia?
"Yupi? Malkia niliwasemea wengi."
Nikamtamkia neno kwa neno, taji na shingo,
pale pale, mkokoteni unapiga honi ya mdomo, tupishe, tupishe.
Akasikiliza, kadi mkononi, kichwa upande,
kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani.

"Nzuri hiyo," akasema. "Aliitunga nani?"

Nililipa elfu tano, sikuomba apunguze.
Mapovu mawili yamebaki pembeni, chini ya kioo.
Kila anayeishika simu yangu hujaribu kuyatoa kwa kucha.
Namwambia ayaache.