Ukifika Lushoto na njaa

Usiishie pale penye meza za vitambaa,
jibini na mkate mweusi wa Kijerumani.
Vitamu, sikatai,
ila bei yake huuma kuliko njaa.

Panda kidogo, pinda kona ya kanisa,
uliza kwa Mwajabu Shekalaghe.
Jiko lake la chuma lina maandishi ya Kijerumani
mlangoni. Yeye husema yameandikwa: Subiri.
Nani atabisha?

Babu mzaa babu yake na wenzake watatu
walilibeba toka Mombo,
siku mbili za kupanda,
wasionjeshwe hata ganda la mkate.

Leo juu yake yanatokota makande,
maharage yamepasuka, tui limeshika.
Agiza sahani mbili.
Ya pili ni ya babu.
Usijali, utaila wewe.