Barua ya Wateka Korosho

Bi Somoe wa Kitaya, tulia usome hapa,
Simnunie Rukaya, haki ya Mungu kaapa;
Kopo lako la Ulaya, kifuniko kina chapa
Ya meno yasiyo haya: yetu, wezi wenye pupa.

Tulipita kwa dirisha, ukiwa umejilaza,
Redio ikikumbusha bei walizotangaza;
Ukasonya, "Wanatisha!" Sisi tukajipenyeza,
Kwa mkia tukashusha, moja moja, kwenye giza.

Korosho arobaini, hakuna tuliyovunja;
Tumezificha shimoni, ni nne tu tumeonja.
Si kangomba, tuamini, sisi hatuna kupunja,
Stakabadhi kitandani: vinyesi tele kiganja.

Mjukuuo Shaweji: mwonye, hilo ndilo sharti.
Mtegaji na mlaji, hutuchoma kwa vijiti;
Babu hanywi tena maji, kakaushwa kama uti,
Bei yake wauzaji wataja kama biskuti!

Wewe ukila ni mlo, sisi tukila ni wizi;
Mlipopuliza kilo za salfa, ni kikohozi,
Nani alitulipa? Lo! Hakuja na muuguzi.
Tafakari jambo hilo, ukikosa usingizi.

Pili, paka wako Bosi, mvishe njuga shingoni,
Tusikie yake kasi, tukiwa kazi jikoni.
Tatu, mabibo kiasi, yaache kule shinani;
Uraka hatuna kesi: kizibo tu, cha jioni.

Ukigoma, Jumanne utaletewa maganda;
Kesho yake tena nane, foleni hadi kitanda.
Na kanga zako zingine, hasa ile unopenda,
Tutatoboa, uone jina lake likienda.

Usiende kwa mgambo, wala chama cha msingi,
Watakuandika mambo, fomu, na mihuri mingi;
Hadi lijibiwe jambo, sisi tumezaa wengi,
Wenye meno, wenye tumbo, na makopo siyo mengi.

Jambo moja twalijua, wala hatutalisema:
Kopo huwa wafungua, Shaweji akikoroma,
Waliacha lapumua, kisha kesho walalama.
Mwizi huyu wamjua, na wamwita kwa huruma.

Ni sisi: Sharubu, Dole, na Mkiamfupi, mwana.
Wa kwetu mdogo yule, sahihi alitafuna.
Jibu tuwekee pale, chini ya kinu, mchana.
Chumvi ilikuwa tele: kesho usitie sana.