Hesabu za Kinamasi

Bigodi, saa moja asubuhi.
Tumegawiwa mabuti ya mpira. Langu la kushoto
lina kiraka; la kulia limenizidi namba mbili.
Mwongozaji wetu ni mama mfupi, Kabasinguzi,
darubini shingoni, fimbo ndefu mkononi.
Kabla ya jina, ananiuliza empaako yangu.
Nasema sina, mimi ni mtu wa Tororo.
"Ah! Haingii mtu humu bila jina la kupendwa.
Wewe ni Araali."
Basi nimebatizwa, miaka hamsini na sita,
kando ya choo cha wageni.

Binti yangu Nyaketcho ndiye aliyelipa.
Zawadi ya kustaafu, alisema.
Mimi ningetosheka na redio.

Tunapita juu ya mbao, mmoja nyuma ya mwenziwe.
Chini yetu maji meusi, kama chai ya rangi
iliyosahauliwa sufuriani tangu jana.
Mafunjo yametuzidi kimo, vichwa timutimu,
kama watoto walioamshwa mapema.
Mbega wamekaa mkuyuni, mikia yao meupe
inaning'inia mithili ya taulo zilizoanikwa.
"Usisimame chini yao," asema Kabasinguzi,
na Mjerumani mmoja anachelewa kuelewa.

Kisha anachomeka fimbo pembeni mwa ubao.
Inazama. Inazama. Inazama mpaka kiganjani.
"Hapa maji ya milimani hupumzika," asema,
"hujichuja polepole, ndipo yateremke visimani kwetu."

Na kichwa changu, hakuna aliyekituma,
kimeshaanza:
mita arobaini kwa ishirini, kina mita mbili,
gawanya kwa kumi, ujazo wa tipa moja,
safari mia na sitini.
Wiki mbili, mvua isiponyesha.
Siku tatu, bosi akikodi magari ya jirani.

Miaka kumi na tisa nilimwaga udongo mwekundu.
Bonde la Lubigi linanijua kwa mlio:
narudi nyuma, pii, pii, pii,
nainua bodi, namwaga, napiga honi, naondoka.
Ndege waliruka, naam, kila mara waliruka.
Sikujua waendako.
Kioo cha pembeni hakionyeshi angani.
Ada ya Nyaketcho ililipwa pale, muhula kwa muhula,
na sare, na godoro la bweni,
na hiki kiingilio cha leo, ukifuata mkondo wake
hadi kwenye chemchemi.

"Araali, midomo yako inacheza. Unahesabu nini?"
"Ndege," nasema.
"Wangapi?"
Namwambia kumi na wanne. Anaandika daftarini,
ananiamini, Mungu wangu, ananiamini.

Hapo ndipo shorobo anapotua.
Mkubwa kama kuku wa Krismasi, samawati yote,
mdomo umepakwa manjano na wekundu.
Harukiruki kwa madaha; anakimbia juu ya tawi
kama mzee aliyeona basi lake linaondoka.
Kok-kok-kok-kok.
Nyaketcho ananibana mkono, kucha zinaingia.
"Baba, umemwona? Umemwona?"
Nimemwona. Nasema nimemwona.
Koo limekauka, na huku nimezungukwa na maji.

Njia ya kurudi, kiraka kimeachia.
Kinamasi kimeingia butini, baridi,
bila haraka, bila hasira,
kidole kimoja, halafu vyote vitano.
Sijamwambia mtu.
Wengine wametangulia kwenye soda na vikapu vya kuuzwa.
Mimi nimeketi ubao wa mwisho, nimevua buti.
Ni maji kikombe kimoja, kikombe na nusu labda.
Nimetazama nyuma kwanza, mazoea ya kazi.
Nimeinua.
Nimeyamwaga palepale yalikotoka,
na mafunjo hayakusema asante.